Vitabu Vitatu vya Maktaba Yetu

Maktaba haipimwi kwa wingi wa vitabu. Ukitaka kujua kama ni nzima au mgonjwa, tazama ni vitabu gani vimechakaa pembeni, na ni vipi vingali vinang'aa kama siku vilipotoka sandukuni. Katika miji yetu midogo mara nyingi twaona kabati zuri limejaa vitabu vinene vya sheria na vya dawa, zawadi za watu wema wa mbali, wala hakuna alama ya kidole hata kimoja juu yake. Mtoto huingia, hutazama, hutoka. Siku ya pili harudi.

Kwa hiyo tulifurahi kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni mwa maktaba ya mji wetu, hapa kando ya Ziwa Tanganyika. Lasema ya kwamba vitabu vitatu vipya vimeingia, navyo vyote vitatu ni vya Kiswahili. Tena kila kimoja kitasomwa mbele ya watu, Jumamosi moja ya kila mwezi, saa tisa alasiri, kwa miezi mitatu. Wasomaji wengine wametuuliza: Vitabu hivi ni vya namna gani? Vyafaa kwa watoto wetu? Na kwa nini vimechaguliwa hivi, visichaguliwe vingine? Tumevisoma vyote. Leo tunawapa jibu letu, bila kupendelea maktaba wala waandishi.

I. Kitabu cha bwana mwenye msafara

Cha kwanza ni cha zamani sana. Ni kipya katika kabati letu tu. Jina lake ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Nani katika Maniema asiyelijua jina hilo? Mtu huyu alikaa Kasongo kwa nguvu nyingi. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley katika njia ya Lualaba. Mwaka 1887 Dola ya Mfalme Leopold ilimpa ugavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alifariki Unguja mwaka 1905. Kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha. Katika miaka ya 1958 na 1959 W. H. Whiteley alizitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Tuseme kwanza uzuri wake. Kiswahili cha Tippu Tip ni chepesi na kikavu. Hapambi maneno. Tulifika, tukalala, tukapigana, tukapata pembe, tukaondoka: ndivyo anavyokwenda, na msomaji humfuata kama mpagazi anayeogopa kuachwa nyuma. Anahesabu kila kitu: siku za njia, bunduki, frasila za pembe, na madeni yake kwa Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja aliyemkopesha mali. Anayetaka kujua biashara ile ilikwendaje hatapata mwalimu aliye bora kuliko huyu, kwa maana hakuna anayeijua duka kama mwenye duka.

Lakini tazameni vizuri asiyoyahesabu. Pembe zina hesabu; watu waliozibeba mara nyingi hawana hata jina. Vijiji vinaungua katika sentensi moja, na katika sentensi ya pili msafara umekwisha kupita.

Pahali pa kusoma polepole ni habari ya Utetera. Tippu Tip aeleza mwenyewe jinsi alivyojitia undugu na sultani mzee Kasongo Rushie, kwa hadithi ya bibi aliyechukuliwa mateka zamani, na jinsi mzee yule alivyomkabidhi utawala wake. Anasimulia hayo bila haya, kama mtu anayesimulia biashara iliyomwendea vema. Msomaji atacheka. Kisha atanyamaza, akikumbuka ya kwamba nchi nzima ilipata bwana mpya kwa ajili ya hadithi moja iliyosimuliwa vizuri.

Wako wanaosema: Kitabu cha mtu aliyeteka watu kisiwekwe katika maktaba ya watu wote. Tunayaelewa maneno yao. Katika miji yetu wako wajukuu wa waliokamata na wajukuu wa waliokamatwa, nao huchota maji katika bomba moja. Hata hivyo hatukubali. Ukikificha kitabu, kitasomwa na mtaalamu wa mbali tu, naye atatuambia anayotaka. Kikae. Ila kisikae peke yake.

Chafaa kwa nani? Kwa watu wazima, na kwa wanafunzi wakubwa walio na mwalimu karibu.

II. Kitabu cha mtoto aliyewekwa rehani

Cha pili ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza angali kijana, na baadaye akapewa heshima kubwa: mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis, naye ni wa asili ya Zanzibar, akakitafsiri kwa Kiswahili, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapa mwaka 2022.

Habari yenyewe ni hii. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji ambao reli ya Wajerumani iliuinua, kisha ikauacha. Mara kwa mara huja mgeni tajiri, mwenye manukato na adabu, ambaye mtoto amefundishwa kumwita Ami Aziz. Siku moja Yusuf anaambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na ami. Anafurahi kupanda gari la moshi. Baadaye tu, katika duka la mfanyi-biashara huyo pwani, kijana Khalil anamwambia kweli: huyu si ami yako, baba yako ana deni, nawe u rehani. Khalil ajua anayosema, kwa maana naye aliwekwa rehani vilevile.

Hapo ndipo kitabu kinaposimama karibu na kile cha kwanza. Biashara ni ile ile ya kukopa na kupeleka bara. Lakini sasa hasimulii mwenye deni kubwa, anatazama mtoto ambaye ndiye malipo. Frasila za Tippu Tip zimepata macho. Na Gurnah hakumfanya Aziz kuwa jitu la kutisha. Ni mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini, hampigi mtoto. Ndivyo ubaya unavyokuwa mara nyingi: una mikono safi, na karatasi zake zimeandikwa vizuri.

Wasomaji wa upande wetu watasimama zaidi katika safari ya bara, wakati msafara unapovuka ziwa hata mji wa Chatu. Wataalamu wameonyesha ya kwamba mwandishi alisoma sana habari za wasafiri Waswahili wa kweli, kama Selemani bin Mwenye Chande, zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Chatu hawakaribishi wageni. Anasema: mwenzenu mmoja alikuja zamani, akatudanganya, akaenda na mali yetu, sasa ninyi mtalipa. Msafara unapigwa na kunyang'anywa. Kisha anafika Mzungu na askari wake, naye anaamua neno kati yao kama kwamba nchi ni yake. Katika kurasa chache tunaona bwana wa zamani akishuka na bwana mpya akipanda, na hakuna aliyewauliza wenyeji.

Hapa tuna neno letu juu ya mwandishi. Chatu anapewa hotuba moja nzuri, basi. Hatuingii nyumbani mwake. Hatumjui mwanamke wake, wala hatujui mali ile iliyoibiwa ilikuwa ya nani katika kijiji. Watu wa msafara huwaita watu wa bara washenzi, na mwandishi huonyesha ujinga wao; lakini macho yanayotuonyesha bara yanabaki macho ya pwani, hata yanapohurumia. Hatumlaumu Gurnah kwa kuandika anayoyajua. Twasema tu: kitabu cha Chatu bado hakijaandikwa, na wa kukiandika hawakai Unguja wala Uingereza.

Na tafsiri je? Kwa maoni yetu kazi hii ni ya thamani kubwa. Katika Kiingereza, watu wa kitabu hiki walikuwa wakisema Kiswahili kwa kinywa cha kuazima. Neno kama mnyapara lilisimama peke yake kama mgeni mlangoni. Sasa limeingia nyumbani, limekaa na ndugu zake. Lakini ni Kiswahili cha Unguja, na msomaji wa Kivu au wa Katanga atakutana na maneno asiyoyasikia sokoni kwake. Asikate tamaa. Mnyapara ndiye sisi tunayemwita kapita. Akisoma kurasa ishirini, masikio yatafunguka. Maktaba ingefanya vema kuandika karatasi moja ya maneno magumu na kuibandika ndani ya jalada.

Chafaa kwa nani? Si kwa watoto wadogo, kwa maana mna mambo ya tamaa na ya ukatili. Kwa wenye miaka kumi na sita na zaidi, tunakisifu bila kusita. Mwisho hatutausema. Wengi wataukasirikia, na wakisha kukasirika, wajiulize Yusuf alikuwa na njia gani nyingine.

III. Kitabu cha maboi

Cha tatu ni chembamba, wala hakikuja na jalada zuri. Ni karatasi zilizotolewa katika intaneti na kushonwa na mtunza maktaba mwenyewe. Jina lake ni la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maandiko yake ni Kiswahili cha Katanga. Aliyeyatunga ni André Yav, mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa zamani watumishi wa nyumba za Wazungu, maboi, kama walivyoitwa. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian, aliyepata kufundisha Lubumbashi, aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Ni historia ya mji ule uliozaliwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966: habari za kuja kwa Wazungu, za kazi, za mabwana na watumishi wao. Wengine wameandika historia ya mji huo kwa hesabu za shaba. Huyu ameiandika kutoka jikoni. Aliyepika chakula cha bwana, akafua nguo zake, akasikia maneno yake mezani, ndiye anayesimulia.

Tumesikia mwalimu mmoja akisema: Kitabu hiki kitawaharibia wanafunzi Kiswahili. Ni kweli, herufi zake hazifuati kanuni. Maneno yamekatwa pasipopaswa na kuungwa pasipopaswa. Ngeli zinakwenda zinavyotaka. Ukikisoma kwa macho, utakitupa baada ya ukurasa mmoja. Hata Fabian hakukielewa vema mpaka mwenyeji wa Katanga alipokisoma kwa sauti. Hiyo ndiyo siri yake. Mwandishi hakuandika kama mwanafunzi anayengoja maksi. Aliandika kama mtu anayesema. Kisomeni kwa kinywa, na mara moja mtamsikia mzee anayekaa kitini na kusimulia.

Kwa hiyo twamjibu mwalimu yule: Wafundishe watoto sarufi sawasawa, wasiandike hivi katika mtihani. Lakini wasifundishwe kumcheka babu yao. Lugha ya Tippu Tip ilikuja kwetu na bunduki na pembe. Watu wa Maniema, wa Kivu na wa Katanga wakaichukua, wakaivunja, wakaijenga tena kwa kazi yao, hata ikawa yao. Maandiko ya André Yav ni shahidi wa neno hilo. Tuna aibu ya lugha ambayo tulilipia gharama kubwa kuliko walioileta.

Kasoro yake nyingine ni ya kweli zaidi. Anachanganya aliyoyaona na aliyoyasikia, na majina na miaka haviaminiki kila mara. Msomaji asikitumie kama kalenda. Akitumie kujua watu walikumbuka nini, na nini kiliwauma.

Chafaa kwa nani? Kwa wote, hata wasiojua kusoma, maadamu yuko wa kuwasomea.

IV. Kazi za maktaba: lililo jema na linalopasa kubadilika

Sasa turudi kwenye tangazo. Wazo la kusoma mbele ya watu ni jema sana, wala hatulipi kiingilio. Tena maktaba imewaalika wazee, na imeweka saa ya watoto kila Jumatano, wasomewe ngano. Tunasifu. Lakini twaona mambo manne yasiyofaa.

La kwanza, utaratibu. Wamepanga Tippu Tip mwezi wa kwanza, Peponi mwezi wa pili, Yav mwezi wa tatu. Hivyo kwa mwezi mzima mji utasikia sauti ya bwana pekee, na asiyerudi mwezi wa pili atabaki nayo. Afadhali kila Jumamosi visomwe vyote vitatu, kurasa chache za kila kimoja. Someni habari ya Utetera, kisha hotuba ya Chatu, kisha ukurasa mmoja wa maboi. Vitajibizana vyenyewe, wala hotuba ya mkubwa yeyote haitahitajika.

La pili, lugha. Tangazo lasema mazungumzo baada ya kusoma yatakuwa kwa Kifaransa. Kwa nini? Vitabu ni vya Kiswahili, wasikilizaji ni Waswahili, na mama anayeuza dagaa ana neno la kusema juu ya deni kuliko sisi sote. Kifaransa kina siku zake. Siku hii si yake.

La tatu, kuazima. Anayetaka kwenda na kitabu nyumbani ataweka feza za amana. Tumelifikiri sana neno hili. Mtoto wa fundi baiskeli anataka kusoma habari za mtoto aliyewekwa rehani, nasi tunamwambia: leta rehani kwanza! Twajua vitabu hupotea, na mtunza maktaba hulaumiwa. Lakini jina la mzazi au la mwalimu likiandikwa katika daftari, na kitabu kikae nyumbani juma moja, yatosha. Kitabu kilichopotea mikononi mwa wasomaji ni hasara ndogo kuliko kitabu kilichofungiwa mpaka mchwa wakakimaliza.

La nne ni lile linalokosekana kabisa. Wazee wamealikwa wasikilize. Hakuna aliyefikiri kwamba watasema. Wakisikia habari za wapagazi na za maboi, watakumbuka za baba zao, watazisimulia pale pale, na jioni zitakwenda nao nyumbani. Mwekeni kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, na daftari lenye jalada gumu. Aandike jina la kijiji, jina la mzee akikubali, na maneno kama yalivyosemwa, asiyanyoshe. Daftari hilo likijaa, liwekwe katika kabati, lipewe namba kama vitabu vingine.

Haya yote hayataki feza nyingi. Yanataka mtunza maktaba abadilishe karatasi moja mlangoni, nasi tutampelekea maneno haya wenyewe kabla ya Jumamosi ya kwanza. Ninyi wasomaji, fikeni. Msingoje kualikwa kwa barua. Anayejua kusoma amlete asiyejua, na aliye na babu hai amshike mkono.

Na ikiwa mtafika mkakuta mazungumzo yameanzishwa kwa Kifaransa, jibuni kwa Kiswahili, kwa heshima, bila kupandisha sauti. Mtaona wangapi watageuza viti vyao.